Leseni ya Marehemu Kondo

Daftari la silaha la Kilosa lilionyesha kuwa watu wa Kidundo walikuwa na bunduki sita. Tano zilirudishwa kituoni Mikumi mwaka uliopita, pale wananchi walipohamishwa kutoka vitongoji vyao na kukusanywa katika kijiji kimoja cha ujamaa, ikatoka amri kwamba silaha zote zikae mahali pamoja zikingoja utaratibu. Ya sita haikurudi. Ilikuwa gobore la kushindilia baruti, mali ya Kondo Lusasi, mkulima, aliyehuisha leseni yake Januari ya mwaka ule, 1975, na kuweka dole gumba pale chini, kama alivyofanya kila Januari tangu enzi za Mwingereza.

Kasoro ilikuwa moja tu. Orodha ya kaya za kijiji ilisema Kondo Lusasi alifariki mwaka 1968.

Inspekta Msaidizi Lupakisyo aliisoma orodha, akalisoma daftari, akarudi tena kwenye orodha. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mwezi wa saba huo tangu aletwe Kilosa, na mambo mengi ya wilaya hiyo bado aliyaona kwa macho ya mgeni. Juu ya meza yake palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha kipande cha nondo kilichokatwa kwa msumeno, kifupi, kizito. Daktari alikitoa kifuani mwa Siwema, mama wa watoto watatu, aliyepigwa risasi Jumatatu alfajiri katika shamba la mahindi. Siwema alikuwa binti wa Kondo huyo huyo.

"Kwa hiyo marehemu kamuua mwanawe," alisema Koplo Donati. Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe haukumchekesha hata yeye.

Lupakisyo alichukua kioo cha kukuzia akaziangalia alama za dole. Hadi mwaka 1968 dole la Kondo lilikuwa na kovu la kukatika, limepita katikati kama mpaka wa shamba. Kuanzia 1969 kovu halikuwepo. Mtu mmoja alikufa, na mwingine akaja kila mwaka kusimama mbele ya karani akiitikia jina lake. Mtu anayethubutu hivyo, aliwaza Lupakisyo, ana kazi na bunduki hiyo, na jirani na hifadhi ya Mikumi kazi ya bunduki isiyotaka kujulikana ni moja tu.

Ndiyo maana siku mbili za mwanzo zilipotea kwa Marko. Marko alishafungwa kwa kuwinda hifadhini, na jina lake ndilo lililotajwa kwanza na kila aliyeulizwa. Donati alimfuata hadi Munisagara, akamkuta ni kibarua wa reli siku hizi. Kitabu cha mahudhurio kilimwonyesha kazini Jumapili na Jumatatu, mnyapara wake akala kiapo, na juu ya yote hayo jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Donati alirudi amechoka, na Marko wakamwacha na chepe lake.

Alhamisi asubuhi walichukua Landrova wakaenda Kidundo. Masika yalikuwa yamechelewa kuondoka, barabara baada ya Kisanga ilikuwa tope tupu, wakashuka kusukuma mara mbili.

Mwenyekiti wa kijiji, Tomasi, aliwapokea mbele ya ofisi. Alikuwa mzee mwenye mikono mikubwa, aliyekata mkonge ujana wake wote, na alitoa maelezo yale yale aliyoyatoa Jumatatu: majangili walitoka upande wa hifadhi, Siwema alikwenda peke yake kuangalia mahindi, wakakutana naye, wakampiga. Bunduki ya Kondo haijulikani iliko. Kondo mwenyewe alifariki sitini na nane.

Kisha akaingiza malalamiko yake, na hapo sauti yake ilipata nguvu ambayo haikuwemo katika maelezo. Alisema watu walihamishwa lakini nguruwe hawakuhamishwa. Mashamba mapya hayajazaa, kijiji kinategemea mahindi yaliyoko kwenye mahame, kule walikotolewa, na bunduki zote tano zimefungiwa Mikumi. Wameandika barua tatu kuomba walau mbili zirudi ziwe mali ya kijiji, zitunzwe ofisini, zitoke kwa zamu na kwa kuandikiwa. Hakuna barua iliyojibiwa.

Lupakisyo alimwambia kwamba bunduki ikishakuwa ya watu wengi haina wa kuulizwa, na kwamba hata hiyo moja iliyobaki nje imeshatoa maiti.

"Na njaa je, Ndugu Inspekta?" Tomasi alimuuliza. "Tutakapozika watoto, tutamuuliza nani?"

Halikuwa swali alilotumwa Lupakisyo kulijibu. Aliomba apelekwe shambani.

Walitembea dakika arobaini. Nyumba za mahame zilikuwa zimeezuliwa, kuta zinamomonyoka kwa mvua, na katikati ya magofu hayo mahindi yalisimama marefu, mazito, yamebakiza kama wiki tatu kukauka. Upande wa kijito nguruwe walikuwa wameshaangusha mistari kumi na zaidi. Kwenye ukingo wa shamba palikuwa na dungu, jukwaa la miti la kukaa mlinzi, limenyanyuliwa juu kuliko urefu wa mtu.

Lupakisyo alianza kazi. Alisimama pale damu ilipokauka, akapima kwa hatua hadi dunguni. Kumi na nne. Akamwagiza Donati atafute chini, jani kwa jani, naye akafungua taarifa ya daktari. Kipande cha nondo kiliingia karibu na mtulinga, chini ya shingo, kikashuka, kikakwama kwenye mbavu za nyuma. Kilitoka juu kwenda chini. Alitazama huku na huku. Hapakuwa na kilima wala mti wa kupandika, ila dungu.

Donati alipata kitu hatua tatu mbele ya dungu: kidonge cha nyuzi za katani, kimeungua upande mmoja. Wenye magobore hushindilia katani juu ya baruti ili isimwagike, na bunduki ikilia, katani hurushwa ikaanguka karibu. Lupakisyo aliifunga ndani ya karatasi. Majangili wa Tomasi walikuwa wamekwisha kufa hapo hapo, wote: aliyepiga alikuwa amekaa juu ya dungu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, kisha akainama tena, kwa sababu aliona kibuyu kilichopasuka chini ya mhindi, na kitu cheupe kilichokaukia juu ya majani. Alikwangua kwa ukucha, akanusa. Ulikuwa uji.

Alikaa pale amechuchumaa kwa muda. Katika maelezo ya Jumatatu mama wa marehemu alisema bintiye alikwenda kuangalia mahindi tu, na kwamba dunguni hapakuwa na mtu. Lakini hakuna mtu anayepeleka uji kwenye dungu tupu. Siwema alikuwa anampelekea mtu kifungua kinywa, mtu aliyelala pale analinda, mtu wa nyumbani kwake. Mtu huyo ndiye aliyempiga, na mama wa Siwema alikuwa anajua.

Lupakisyo alitamani awe amekosea. Hakukosea.

Kwenye msiba watu walikuwa wamekaa mikekani mbele ya nyumba ya Mwanasha, mama wa marehemu. Siwema alizikwa Jumanne jioni, siku mwili uliporudi kutoka hospitali, na wageni wa vijiji vya mbali walikuwa bado wanafika. Lupakisyo alivua kofia, akaenda kwa Mwanasha, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, amejifunga kaniki.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Hakuinua uso.

Alipewa kigoda upande wa wanaume. Alikaa, na kwa kuwa hakutaka kuhoji watu katikati ya kilio, akawa anatazama. Jambo moja likamshika. Kila aliyefika, baada ya kumpa pole Mwanasha, alikwenda moja kwa moja kwa kijana mmoja aliyekaa kwenye mkeka wa mbele, amevaa koti kuukuu lililompwaya mabegani. Wazee wenye mvi waliinama mbele ya kijana huyo, wakamshika mkono kwa mikono miwili, wakamwambia: pole, baba. Kijana hakuwa na zaidi ya miaka ishirini na minane. Alipokea pole zile akiwa ameinamisha kichwa.

Lupakisyo alimuuliza Tomasi kwa sauti ya chini yule ni nani.

Tomasi alisita kidogo, lakini jambo lenyewe lilikuwa la kawaida mno kwake kuweza kulizulia uongo kwa haraka. "Ndiye baba wa marehemu," alisema.

Donati alikohoa, akageuka pembeni. Baba alikuwa mdogo kuliko binti yake.

"Jina lake?"

"Kondo."

"Kondo nani?"

Tomasi alitazama miguu yake. "Kondo Lusasi, Ndugu Inspekta."

Basi Lupakisyo aliyapata kwa mdomo wa mzee huyo mambo ambayo daftari lisingemwambia kamwe. Watu wa pale hufuata ukoo wa mama. Mtu akifa, wenye ukoo hukaa wakachagua mpwa wake, mtoto wa dada yake, wakamrithisha jina. Siku hiyo mpwa huacha kuwa alivyokuwa. Anapewa koti la marehemu, jembe lake, silaha yake na watu wake. Watoto wa marehemu humwita baba, mjane humwita mume wangu hata kama hawalali nyumba moja, na madeni ya heshima yote aliyodaiwa marehemu anayalipa yeye. Mpwa huyu alizaliwa akaitwa Anselmi, mtoto wa Hildegarda, dada yake Kondo. Tangu sitini na nane hakuna aliyemwita Anselmi, isipokuwa padri.

Ndiyo maana Kondo alikuwa amekufa na Kondo alikuwa hai, na aliyesema lolote kati ya hayo mawili hakusema uongo. Hapakuwa na mwizi wa jina wala mghushi. Karani aliita Kondo Lusasi, akasimama mtu ambaye kijiji kizima kingemshuhudia kuwa ndiye.

Lupakisyo aliomba waingie ndani: yeye, Donati, Tomasi, Mwanasha na kijana. Hildegarda alifuata bila kuitwa, mwanamke mfupi mwenye rozari shingoni, akakaa karibu na mlango. Inspekta aliweka juu ya mkeka bahasha ya nondo, na karatasi yenye katani. Aliwaeleza alichokiona, pole pole, hatua kumi na nne, risasi iliyotoka juu, uji kwenye majani. Hakumtisha mtu. Alipomaliza alimgeukia kijana.

"Ulikuwa dunguni?"

"Nilikuwepo."

Hakuna aliyemzuia. Kijana alisema akitazama ile katani, maneno yakitoka moja moja. Anayekwenda dunguni alfajiri huimba tangu mbali, ndiyo desturi, ili mlinzi ajue ni mtu. Siwema aliimba kila siku. Lakini tangu wiki iliyopita ilipopigwa marufuku kulala kwenye mahame, mgambo walikaa njiani kukamata wanaokwenda na kurudi kabla jua halijatoka. Walikwishamtandika viboko jirani. "Siku hiyo aliwaona kwenye kivuko, akakata porini, akaja kimya. Akatokea upande wa kijito, upande wa nguruwe. Mimi niliona mahindi yanatikisika. Nikapiga. Aliniita. Alisema, baba, ni mimi. Lakini nilikuwa nimeshapiga."

Tomasi alijifunika uso kwa kofia yake. Mgambo wale waliwekwa njiani kwa saini yake mwenyewe.

Lupakisyo aliuliza kilichobaki kuulizwa, kwa sababu ndiyo kazi yake. Je, hakujua kwamba leseni ilikuwa ya mjomba wake, na kwamba mwenye leseni akifa silaha hurudishwa polisi mpaka mrithi aombe kwa jina lake na akubaliwe?

"Jina langu ni lipi, afande? Karani alisoma Kondo. Nilipewa jina hilo mbele ya kaburi, na bunduki ikiwa mkononi. Ningesema mimi si yeye, ningekuwa nimewaongopea waliokufa na walio hai."

Kisheria ilikuwa wazi. Kuua bila kukusudia, na kumiliki silaha bila leseni, maana ile iliyokuwepo ilikwisha siku Kondo wa kwanza alipofukiwa. Lupakisyo aliuliza bunduki iko wapi.

Hapo ndipo Mwanasha aliposema. Sauti yake haikuwa na kilio hata kidogo, kilikuwa kimekwisha chote. "Kama sheria inataka mtu, mchukue. Yeye mwenyewe anataka kwenda, tangu Jumatatu hali wala halali, mimi ndiye niliyemzuia. Bunduki niachie. Wiki tatu tu, mahindi yakauke."

"Mama, ndiyo iliyomuua mwanao."

"Najua kilichomuua mwanangu. Nimemwosha kwa mikono hii." Aliionyesha. "Ameniachia watatu. Mkubwa ana miaka saba. Nyinyi mnaniambia bunduki ni hatari, na mimi nimeona hatari yake kuliko wewe na afande mwenzio. Lakini nguruwe watashuka leo. Niambie nitawapa nini watoto hao mwezi wa nane, nami nitaileta sasa hivi."

Lupakisyo alimweleza kuhusu maombi mapya: barua ya kijiji, kisha Kilosa, kisha Morogoro, kisha jibu. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka na akaona haya. Itachukua muda gani, Mwanasha alimuuliza. Miezi mitatu, inspekta alijibu, kama maombi hayapotei.

Alifikiria, na wala si kwa sekunde moja, kuandika kwamba silaha haikupatikana. Babake kule Tukuyu alikuwa mkulima, na aliwahi kuona mwaka ambao wanyama walikula kila kitu. Lakini gobore hilo halikuwa tena na mtu wa kuliitikia. Likibaki, litapigwa na asiyejua kulipiga, gizani, kwa woga, na wanawake watatu au wanne walioketi nje pale ndio watakaokuwa wanapita shambani. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na safari hii aliyeushika mpini alikuwa yeye. Roho ilimuuma.

"Siwezi, mama," alisema.

Mwanasha aliinuka. Alikwenda uani kwenye kihenge cha nafaka, akafunua kifuniko, akaingiza mkono mpaka begani. Kihenge hakikuwa na kitu kingine ndani. Alirudi na gobore akaliweka mbele ya inspekta, akakaa alipokuwa amekaa.

Donati alisimama atoe pingu. Hildegarda akanyanyua mkono.

"Subiri, mwanangu. Mwanangu mimi mtamchukua, sikatai. Lakini jina la kaka yangu haliendi jela."

Aliomba muda kidogo tu. Lupakisyo alikubali, akamfanyia Donati ishara akae. Hildegarda alimkalisha kijana katikati ya mkeka, akamvua lile koti, akalikunja. Aliomba maji na unga wa mtama, akachanganya kwenye kifuu, akamnyunyizia kichwani na kifuani, huku akisema na kaka yake kwa lugha ya kwao, kwa utulivu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Rozari yake ilining'inia juu ya kifuu na haikumzuia. Tomasi alimnong'oneza inspekta kwamba wanamvua jina, linarudi kwa mwenyewe mpaka apatikane mwingine wa kulibeba, na kwa sasa ukoo hauna mwingine.

Kijana alisimama na fulana iliyotoboka. Alionekana mdogo zaidi. Alimwendea Mwanasha, ambaye kwa miaka saba alimwita mke wangu, akamlimia, akampa heshima yote ya mume, na mume hampi mkewe shikamoo. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Mwanasha alimtazama. Jumatatu alikuwa amefiwa na binti. Sasa alikuwa anafiwa na mume kwa mara ya pili.

"Marahaba, Anselmi," alisema, na hapo ndipo alipolia, mikono miwili kichwani, kilio cha mjane.

Walimpakia nyuma ya Landrova, gobore likiwa limefungwa kwenye gunia mbele. Jua lilikuwa linaelekea magharibi na watu wa msiba walisimama kuwatazama. Walipofika kivukoni gari lilikwama, na wakati Donati anakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu walisikia debe linapigwa upande wa mahame, kwa kituo, mkono wa mtu mmoja. Anselmi aliinua kichwa. Alimjua mpigaji: Mwanasha.

Donati aliacha kukata. "Nguruwe wanaliogopa debe, afande?"

"Wanaliogopa," alisema Lupakisyo. "Siku tatu, nne. Wakishalizoea, wanakula huku wanalisikiliza."

Akashika matawi yeye mwenyewe, akapiga magoti topeni, akaanza kuyashindilia chini ya gurudumu.